Vijana wa kufyeka na kuchoma barabara za moto Mufindi, kazi yao nimeiona

Wenzangu wenye mashamba ya miti huku Mufindi, mwezi wa sita niliwapa kikundi cha vijana wa kijijini kazi ya barabara za moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto usiingie shambani, shamba ni ekari 12 za mipaina ya miaka mitatu na upande wa juu limepakana na nyasi ndefu ambako moto huwa unatokea kila mwaka. Walikuwa 9, siku 4, elfu kumi kwa siku kila mtu, chakula juu yangu.

Kilichonifurahisha hawakugusa kiberiti mpaka walipokiona kibali na majirani wote wameambiwa. Walilima mistari miwili mpaka udongo mtupu, wakaacha kama hatua kumi na tano katikati, nyasi za hapo ndo wakazichoma jioni upepo umetulia, wanawashia upande upepo unakoelekea ili moto urudi taratibu, miali haikupita magoti, na watu wamejipanga na matawi mabichi na mabomba ya mgongoni. Ndani ya shamba walifyeka kwa mkono tu maana mpaina mdogo gome lake jembamba, moto ukipita umekufa.

Jirani yangu mmoja alikasirika sana, anasema kuchoma kunaua wadudu na kuacha udongo wazi. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni nakubaliana nae na pale sikuchoma. Ila nyasi usipozichoma zikiwa bado na ubichi, utakutana nazo mwezi wa kumi zimekauka kabisa, Kilimanjaro Oktoba 2020 moto uliwaka zaidi ya wiki na mamia ya watu walipanda kuuzima, na mimi mwaka juzi mwezi huohuo nilipoteza ekari tano mchana mmoja, miaka sita ya kupalilia yote ikaisha, inaniuma mpaka leo.

Walichoniudhi, siku ya mwisho waliacha kisiki kinafuka moshi, nimekiona mwenyewe saa mbili usiku. Nikapiga simu wakarudi wawili, wakakichimba na kumwaga maji, lakini upepo ungeamka kabla sijakiona ingekuwa habari nyingine. Kwahiyo ukiwaita andikishaneni kabisa kwamba mtu anabaki kulinda siku mbili baada ya kuchoma.

Nawapa nyota 4, na mwakani nawaita tena. Wahi kuwatafuta, maana ikifika mwezi wa saba baridi ishakausha nyasi na wenyewe wanakataa kuchoma.