Mita ya njano ya shilingi 12,000, miezi minane mezani kwangu

Niseme mapema usije ukanilaumu: hii ni multimita, kifaa cha kupimia volti, mkondo na ukinzani wa umeme, lakini siyo ya fundi wa majumbani. Kama unatafuta kitu cha kupanda nacho darini, pita tu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara, najiendeleza kwa masafa kutafuta shahada, na mwaka huu nilikuwa na kozi ya Umeme na Sumaku. Maabara iko mbali. Usiku huku Magomeni nilikuwa nabaki na daftari lililojaa integrali na hakuna hata kimoja cha kushika mkononi. Ndipo nikaenda kununua multimita.

Nilichukua zile ndogo za njano zilizoandikwa DT-830D. Viwanda vingi vya China vinatoa sura hiyohiyo. Kijana wa dukani, jirani na soko, alianzia 15,000, tukamalizana kwa 12,000, betri ya volti 9 ikiwa ndani. "Ticha, hii haidanganyi," akaniambia huku akiifuta vumbi na shati lake.

Inadanganya. Na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Nilichukua betri nyingine mpya ya volti 9, ikasoma 9.24. Nikafunga rezista mbili (vipande vinavyobana mkondo, ukinzani wake hupimwa kwa omu) za omu 1,000, moja ikifuatia nyingine, nikapima kila moja: 4.62 na 4.61. Safi kabisa. Nikazitoa, nikaweka mbili za megaomu 1, yaani omu milioni moja kila moja. Kanuni ni ileile, rezista zikilingana volti zinagawana nusu kwa nusu. Mita ikasoma 3.07. Nikahamia ya pili: 3.08. Jumla 6.15. Sasa volti 3 na ushei zimekwenda wapi? Mwanafizikia Kirchhoff alishasema tangu 1845 kwamba ukiuzunguka mzunguko mzima hesabu lazima irudi sifuri. Nikapima betri upya, 9.24 ileile. Nikakwangua miguu ya rezista kwa wembe. Nikamwamsha mume wangu aje ashuhudie, akaniambia, "Mama Salma, lala."

Saa saba usiku nikachora mchoro upya, safari hii mita yenyewe nikaichora ndani. Kwenye volti za DC, ukinzani wa ndani wa mita hizi ni megaomu 1. Kwa hiyo nikiigusisha kwenye rezista ya megaomu 1, nimeweka mbili sambamba, na mbili sambamba zinakuwa nusu megaomu. Nusu ikipangwa na moja nzima inapata theluthi ya volti zote. Theluthi ya 9.24 ni 3.08. Volti hazikuibiwa: nikipima rezista ya chini, ya juu inabeba 6.16, nikihamia ya juu, ya chini ndiyo inayobeba. Kila mara zilikuwa pale ambapo sikuwa nimeshika.

Mita ya bei kubwa, yenye megaomu 10 ndani, ingesoma karibu 4.40. Ningedhani ni kosa dogo tu la kipimo, ningezima taa na kulala bila kujua kitu. Mtihani ulipokuja na swali la kipimavolti kinachovuruga kile kinachopimwa, sikuhitaji hata kukumbuka.

Kwenye ukinzani mdogo inajitahidi, ila lazima uijue tabia. Kuna mzee mmoja fundi redio, anasuka na mota za mafeni. Nilimwendea na shikamoo yangu, akanipa bure waya wa shaba uliotoka kwenye feni iliyoungua. Unene wake niliupata kwa kuzungusha mizunguko kumi kwenye kalamu na kuweka rula: milimita 3, kwa hiyo waya mmoja ni 0.3. Nikausuka mizunguko 400 kwenye kopo la plastiki, kila mzunguko sentimita 22, jumla mita 88. Kwa ukinzani wa shaba hesabu ikatoka omu 21.4. Nikaweka mita: ikaonyesha 1 peke yake upande wa kushoto, ndivyo inavyosema kipimo kimepita uwezo. Nilikuwa nimesahau kwamba waya wa mota umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Nikakwangua ncha, ikasoma 22.3. Ukigusanisha waya zake mbili za kupimia zenyewe kwa zenyewe inasoma 0.8, na hiyo lazima uitoe. Inabaki 21.5. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Pale ilipoanguka ni kwenye jaribio la mwanasayansi Faraday, la sumaku inayopita ndani ya koili (waya uliosukwa mizunguko) na kuzalisha umeme. Nilitoa sumaku kwenye spika mbovu, nikaidondosha katikati ya lile kopo, mita ikiwa kwenye milivolti 200. Namba zikaruka hovyo: mara 2, mara sifuri, mara alama ya hasi bila mpango. Mwanzoni nikadhani koili imekatika. Kumbe mita hizi zinasoma mara mbili tatu tu kwa sekunde, na kila usomaji ni wastani wa kipande kile cha muda. Sumaku ikiingia inasukuma upande mmoja, ikitoka inasukuma upande wa pili, na yote yanakwisha kabla mita haijamaliza kusoma mara moja. Chanya na hasi zinafutana. Ukiuliza wastani unajibiwa sifuri, na kwa kweli jibu hilo si kosa, ila kwa mwanafunzi halina faida.

Nikalibeba kopo mpaka kwa mzee. Ana mita ya zamani ya sindano, kioo kimepasuka, kimeshikwa na gundi ya karatasi. Nikadondosha sumaku. Sindano ikaruka kulia, ikarudi kushoto, ikatulia. Mwaka 1831 Faraday naye alikuwa anatazama sindano, si namba. Mzee akaniomba nirudie, kisha akaigeuza sumaku mwenyewe, juu chini, sindano ikaanza na kushoto. "Enhe," akasema, akarudi kwenye feni yake.

Mengine kwa haraka. Waya za kupimia ni nyepesi mno, yangu nyekundu imeshakatika shingoni mara mbili, na kwa hewa hii ya bahari ncha zake zinashika kutu. Msasa uwe karibu. Fyuzi ya ndani niliiunguza mwenyewe kwa kupima mkondo kama napima volti, yaani moja kwa moja juu ya betri. Maduka mawili hawakuwa nayo, nikaipata kwa mzee yuleyule, naye akanionya nisije nikaziba kwa uzi wa waya kama wafanyavyo wengine. Tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa, imeandikwa pale mbele kwa herufi ndogo. Ukisahau waya nyekundu humo kisha ukachomeka kwenye soketi ya ukutani ya volti 230, umeunganisha nyaya mbili za umeme kwa kipande cha shaba mkononi mwako. Mimi ukutani siipeleki. Betri tu.

Kama unasoma kozi hii na huna maabara, inunue, na ununue pamoja nayo rezista za megaomu mbili tatu. Ya sumaku tafuta yenye sindano. Mimi nimemwomba mzee aniuzie ile yake, amekataa mara mbili. Jumamosi naenda tena, na safari hii nabeba korosho.