Uzoefu wangu na Google Search Console: tovuti nzuri isiyoonekana

Tovuti yangu inafundisha ushonaji. Aliyenitengenezea aliifanya ikapendeza kweli: rangi zimetulia, picha za vitambaa zimejaa skrini. Ikapita miezi mitatu bila mgeni hata mmoja kutoka Google. Walioingia ni wale tu niliowatumia kiungo mwenyewe. Nikaanza kuamini kwamba masomo yangu hayana mtu anayeyahitaji, na iliniuma.

Kabla sijatoa hela ya matangazo nikajisajili Google Search Console, huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyojitokeza kwenye utafutaji. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako (mimi nilipandisha faili moja waliyonipa), kisha unabandika anwani ya ukurasa wowote ujue kama Google wameuorodhesha, na kama hawajauorodhesha, kwa nini. Kurasa zangu zote zilikuwa na alama ya "noindex", inayoiambia Google isiorodheshe ukurasa. Fundi aliiweka wakati wa matengenezo ili watu wasiikute kazi nusunusu, akasahau kuitoa. Miezi mitatu, neno moja! Tukalifuta, nikatuma ramani ya tovuti (faili lenye orodha ya kurasa zake), na baada ya wiki mbili kurasa zikaanza kuonekana.

Ila kilichonifunga kwenye huduma hii ni ripoti ya utendaji. Inakuonyesha maneno yenyewe ambayo watu waliandika, ukurasa wako ulijitokeza mara ngapi na ulibofywa mara ngapi. Somo langu la kola lilijitokeza mara 430 kwa mwezi, likabofywa mara 6. Nikasoma maneno yao: "kushona kola ya shati", "kola inajikunja". Mimi ukurasa nilikuwa nimeuita "Somo la 4". Nani abofye hapo? Nikaupa kichwa kipya, "Jinsi ya kushona kola ya shati isijikunje", na nikaongeza aya nzima kuhusu kujikunja, jambo ambalo sikuwahi kufikiri linawasumbua watu. Mwezi uliofuata mibofyo ilifika 41. Siku hizi kabla ya kuandika somo nasoma kwanza watu wanauliza nini, na kwa maneno gani.

Ripoti ya kasi kwangu ilikuwa tupu, kwa sababu hutegemea wageni halisi na wangu bado ni wachache. Nikapima kwa PageSpeed Insights, chombo kingine cha Google cha kupima kasi ya ukurasa. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kinachoonekana ukurasa unapofunguka kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5; kwangu, kwenye simu, ilikuwa zaidi ya 6. Ni zile picha nilizozipenda. Nilizipunguza na kuzigeuza kuwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), ukurasa ukawa mwepesi.

Jua pia mipaka yake. Takwimu kamili huchelewa siku mbili hivi na huhifadhiwa miezi 16 tu, kwa hiyo zipakue. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha. Na mgeni akishaingia, haikuambii alifanya nini humo ndani.

Kama ningeanza upya, ningetaka iunganishwe siku ileile tovuti inapofunguliwa, na akaunti iwe yangu, si ya fundi.