Swichi ya mfululizo kwenye besi ya pikapu mbili: inafaa, ila soma kwanza

Wapiga besi wengi tukichoka na sauti yetu tunakimbilia kununua pikapu mpya, yaani vile vinasa-sauti vya sumaku na koili vinavyokaa chini ya nyuzi. Kifaa ninachokieleza hapa ni kidogo kuliko hicho: potenshometa (kidhibiti cha umeme kinachozungushwa kwa nobu) ya kilo-omu 250 yenye swichi chini yake, ile ya kuvuta na kusukuma, iliyokuja na mchoro wa ukurasa mmoja. Nimeifunga kwenye besi ya mtindo wa Jazz Bass ya kampuni ya Fender, yaani pikapu mbili za koili moja moja, nobu mbili za sauti na moja ya toni. Nobu ikiwa chini, pikapu zinafanya kazi sambamba kama kawaida, yaani kila moja inapeleka mawimbi yake kwa njia yake. Ukiivuta juu, zinaungana kwa mfululizo: mwisho wa koili moja unakuwa mwanzo wa nyingine.

Tuelewane kwanza kuhusu sambamba, maana ndiyo sauti ya besi hii tangu Fender walipoitoa mwaka 1960. Nobu zote mbili zikiwa wazi kabisa, mvumo wa umeme unakufa, kwa sababu koili moja imezungushwa kinyume cha mwenzake na sumaku yake imegeuzwa. Papo hapo sauti ya katikati inabonyea kidogo, kwa kuwa kila pikapu inausikia uzi mahali tofauti na baadhi ya masafa yanafutana. Ukipiga kwa gumba unapata besi ya chini iliyonyooka na mlio mkali juu. Tamu sana ukiwa peke yako. Ila weka mpiga solo, mpiga ridhimu na kinanda, halafu uniambie besi imeenda wapi.

Sasa vuta nobu. Jambo la kwanza unaloligundua ni nguvu. Kwenye masafa ya chini mawimbi ya pikapu mbili yanajumlishwa, na kinadharia ongezeko linafika desibeli 6. Jambo la pili ni kwamba katikati panajaa. Noti za uzi wa E zinapata kifua, na pale dramu ya mguu inapogonga, besi inasimama kando yake bila kumezwa. Mlio wa juu unapungua, na sababu si uchawi: pikapu zangu zina ukinzani wa karibu kilo-omu 7.5 kila moja. Sambamba zinasoma kama 3.75, kwa mfululizo 15. Pamoja na ukinzani, uindukaji (tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo) nao unajumlishwa, masafa ambayo pikapu inaitikia kwa nguvu zaidi yanashuka, na nyaya ndefu za kwenda kwenye amplifaya zinakula masafa ya juu zaidi kuliko zamani. Ukitumia waya mrefu jukwaani utalihisi hilo kabla hata ya wimbo wa kwanza kuisha.

Wauzaji wa vifaa hivi hupenda kudai kwamba swichi hii inageuza Jazz kuwa Precision, besi nyingine ya Fender. Hapana. Ni kweli kwamba pikapu ya Precision iliyogawanyika, ya tangu 1957, nayo ina nusu zake mbili zilizounganishwa kwa mfululizo. Lakini kule kila uzi unasikiwa na nusu moja tu, mahali pamoja. Hapa kila uzi unasikiwa mara mbili, karibu na shingo na karibu na daraja, kwa hiyo kule kufutana kwa masafa kunabaki. Unachopata ni Jazz iliyoshiba. Mimi naipenda hivyo hivyo, ila anayetafuta sauti ya James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, anunue Precision, aweke nyuzi zenye uso bapa (flatwound), aachane na mimi.

Na mtu asidhani mfululizo ndiyo njia sahihi na sambamba ni kasoro. Besi ya Music Man StingRay ya 1976 ina koili mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, zimeungwa sambamba, na ndiyo maana ina ule ung'avu wake. Anachotaka mpigaji ndicho kinachoamua.

Kwenye kufunga, kazi ni ya mtu anayejua kulehemu bila kuunguza plastiki. Swichi ina miguu sita. Waya mweusi wa pikapu ya shingo, ambao kwa kawaida umelehemiwa kwenye ardhi (upande wa pamoja wa kurudishia mkondo), unaondolewa hapo na kuletwa kwenye swichi, na huko unakutana na waya wa moto, yaani unaobeba mawimbi, wa pikapu ya daraja nobu ikivutwa. Mchoro haukutaja jambo moja muhimu: kama pikapu yako ya shingo ina kinga ya chuma iliyoungwa na ule waya mweusi, kinga hiyo haitakuwa tena ardhini wakati wa mfululizo, na itaunguruma ukiigusa. Itenganishe, uipe waya wake wa ardhi.

Malalamiko ninayo. Kwenye mfululizo nobu ya sauti ya shingo inatawala kila kitu, na ile ya daraja inakaa bure. Kuchanganya pikapu kunakwisha. Nobu ya toni nayo inabadilika tabia: kapasita yake (kipande kinachopunguza masafa ya juu) ya mikrofaradi 0.047, nzuri kabisa kwa sambamba, hapa inazama haraka hadi kwenye tope. Niliweka 0.022, ikatulia. Kifaa chenyewe ni kirefu kwenda chini, kwa hiyo pima kina cha shimo kabla ya kulipa. Na kuvuta nobu laini ya chuma kwa vidole vyenye jasho katikati ya wimbo ni mateso. Aina ya kubonyeza ukiachia inapanda ingekuwa bora mara dufu.

Kuna toleo kubwa zaidi lenye swichi ya pili ya kugeuza fezi, yaani kuyapindua mawimbi ya pikapu moja yapingane na ya nyingine. Nimelisikia pia. Ukiigeuza, chini yote inatoweka na kinachobaki ni sauti nyembamba ya puani. Kwa gitaa la solo sawa, lina mahali pake. Kwa besi sijaona wimbo unaoihitaji.

Jioni nyingi sasa naanza sambamba kwenye nyimbo za taratibu, halafu navuta nobu bendi inapopanda, na nashusha amplifaya kidogo ili ule mruko wa nguvu usimshtue fundi mitambo. Mwenye besi ya pikapu moja ya kawaida kifaa hiki hakimhusu. Mwenye mbili za koili moja, ambaye huwa anaambiwa "besi haisikiki" ilhali amplifaya iko juu, aanzie hapa kabla ya kugusa pikapu.