Tochi ya gesi ya kulehemu: ipi ununue Dar, na uiwashe vipi

Ukiingia Kariakoo au Gerezani ukaulizia tochi ya kulehemu, utawekewa mezani vitu vinne vitano visivyofanana, kuanzia kichwa kidogo cha kupachika kwenye kopo hadi seti ya mitungi miwili yenye geji. Muuzaji atakuuliza una bei gani. Wewe jiulize mengine mawili: unachomelea nini, na gesi ikiisha utaipata wapi? Tochi unainunua mara moja. Gesi utainunua miaka yote utakayoitumia.

Namba za joto zilizochapishwa kwenye boksi zisikusumbue sana. Gesi ya kupikia ikiwaka hewani inafika karibu nyuzi 1,900 na zaidi kidogo, na ile ya kopo dogo la njano linalofungwa chini ya tochi haiko mbali nayo. Lehemu laini ya bati na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183. Fimbo za kopa na fosforasi wanazotumia mafundi friji zinataka takriban 640 hadi 800. Kopa yenyewe inayeyuka ikifika 1,085. Kwa hiyo karibu kila tochi ina moto wa kutosha. Kinachotofautiana ni wingi wa joto inaloingiza kwenye bomba kwa dakika, kwa sababu kopa hulisambaza joto haraka, na bomba nene litameza moto mdogo bila kuiva.

Nafasi ya kwanza naipa tochi ya mkononi inayofungwa juu ya kopo la njano. Mafundi bado wanaiita gesi ya MAPP, ingawa MAPP halisi iliacha kutengenezwa Marekani ya Kaskazini mwaka 2008 na makopo ya sasa yana propilini zaidi. Kwa kazi ya kopa inatosha kabisa. Chagua kichwa chenye moto unaozunguka ndani ya pua, kwa sababu moto huo hulizunguka bomba na kuivisha hata upande wa nyuma. Kwa AC za kawaida za ukutani, mabomba ya robo inchi hadi tano kwa nane, hiyo ndiyo kazi yake. Haina mpira wa kuburuta, unapanda nayo ngazi mkono mmoja ukiwa huru. Kasoro yake ni kopo: ni ghali, halipatikani kila duka, na halijazwi tena. Anayekuambia atakujazia kutoka mtungi wa jikoni, mkatalie. Nyuzi za skrubu kwenye shingo ya kopo nazo hazifanani zote, kwa hiyo nunua kichwa na kopo pamoja na uvifunge palepale dukani.

Ya pili, na kwa karakana ya mtaani ningeitanguliza, ni tochi ya mpira inayotumia mtungi wa gesi ya kupikia. Mtungi wa kilo 6 unabadilishwa karibu kila mtaa, Mbagala hadi Tegeta. Hapa pana jambo la kulishikilia: regyuleta ya jiko la nyumbani inatoa shinikizo dogo mno, na ndiyo maana wengine huitoa wakafunga mpira moja kwa moja kwenye mtungi. Usifanye hivyo kamwe. Nunua regyuleta ya shinikizo kubwa inayorekebishika, yenye geji, na mpira uliotengenezwa kwa gesi, ubanwe kwa klampu za skrubu. Waya wa kufungia hautoshi. Vali za mitungi ya kampuni mbalimbali si lazima zifanane, hivyo nenda dukani na picha ya vali yako. Moto wa tochi hii ni mkubwa na mpana, mzuri kwa lehemu laini na kwa kopa ya hadi nusu inchi, lakini sehemu yenye dari karibu unakuwa mkubwa kupita kiasi.

Ya tatu ni kichwa kidogo cha kopo la butane, kile cha bei ya chini. Sonara anaweza kuanza nacho, na fundi wa waya nene pia. Udhaifu wake unaonekana ukikiinamisha: gesi ikiwa bado majimaji inaingia kwenye pua na moto unaruka wa njano, mrefu kama mkono. Kiwashe kikiwa wima, kiache kipate joto kidogo ndipo ukiinamishe.

Seti ndogo ya oksijeni, ile ya mitungi miwili, naiweka ya nne, na najua mafundi wengi watabisha. Kwa bomba nene za vyumba vya baridi haina mpinzani. Lakini mtu anayeanza, akiupeleka moto huo kwenye bomba la robo inchi, analitoboa kabla fimbo haijayeyuka. Ukiinunua, dai vali za kuzuia moto kurudi kwenye mpira, na usiguse viungo vya oksijeni kwa mkono wala spana yenye grisi. Mafuta na oksijeni ya shinikizo vinalipuka. Kwa sababu hiyohiyo, usijaribu uvujaji wa AC kwa kujaza oksijeni: ndani kuna mafuta ya kompresa. Tumia naitrojeni kavu, kwa regyuleta yake.

Blolampu ya mafuta ya taa iache. Na kama kazi yako ni simu na redio, usinunue tochi yoyote kati ya hizi. Unahitaji chuma cha kulehemea cha umeme.

Kabla hujalipa, iwashe. Zungusha koki polepole, moto upungue na kuongezeka bila kuruka. Kisha uzime, koki ya tochi ikiwa imefungwa paka povu la sabuni kwenye kiungo; kama ni ya mtungi, fungua koki ya mtungi peke yake. Povu likianza kutoa mapovu mapya, rudisha. Muuzaji anayekataa jaribio hili anakuuzia mashaka.

Sasa matumizi, na hapa naomba usikimbie. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, kwenye mtaro, kwenye chumba cha chini ya ghorofa. Fungua mlango, pitisha hewa. Usichomelee bomba lenye gesi ya friji ndani. Soma kibandiko kwanza: R600a na R290 ni gesi zinazowaka kama ya jikoni, na R32 iliyojaa kwenye AC mpya nayo inaweza kushika moto. Hata R22, isiyowaka kirahisi, ikipita kwenye moto inatoa hewa ya sumu. Itoe kwa mashine na chupa yake, safisha kwa naitrojeni, ndipo uwashe. Friji za R600a afadhali ziunganishwe kwa viungo vya kubana.

Safisha kopa kwa msasa hadi ing'ae, funga kitambaa kibichi kwenye vali iliyo karibu, pasha bomba na siyo fimbo. Bomba likiwa na rangi nyekundu hafifu, gusisha fimbo: ikiyeyuka na kuingia yenyewe kwenye kiungo, joto ni sahihi. Upepo wa bahari kwenye baraza za Upanga na Masaki unauchukua moto, kwa hiyo weka kinga ya bati. Kopa kwa kopa fimbo ya fosforasi haitaki flaksi, ile dawa ya kusafisha kiungo. Kopa kwa chuma usiitumie, nunua ya fedha pamoja na flaksi yake.

Vaa pamba, siyo nailoni, na miwani ya kivuli namba 3 au 4. Ndoo ya maji au mtungi wa kuzimia uwe mkono unapofika. Ukimaliza, kaa hapo nusu saa hadi saa moja ukiangalia nyuma ya dari na ukuta wa mbao, maana cheche hujificha. Ukiona moto umekuzidi, toka nje upige 114, Zimamoto. Kopo ulifungue kutoka kwenye tochi, na usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani: makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na ndani ya gari la Dar mchana kiwango hicho si kigeni.