Mkono wa roboti uliotii waya badala ya ubongo

Sifichi, nimeudhika. Seti hii ya kuongoza mkono wa roboti kwa ubongo inakuvisha kofia ya elektrodi zinazosoma umeme wa ubongo na vitetemeshi viwili kwenye vidole vya shahada, cha kulia Hezi 21 (mitetemo 21 kwa sekunde), cha kushoto Hezi 27. Ubongo huitikia kila mtetemo kwa masafa yake yaleyale, na huitikia zaidi kwa kidole unachokizingatia. Mkono wa roboti hugeukia upande wa kidole unachokiwazia. Ilichonionyesha ni kulia tu, upesi na bila kusita. Hapo ndipo pa kutilia shaka: mwitiko wa ubongo kwa mtetemo ni mdogo mno, na huhitaji sekunde kadhaa za data kabla haujajitenga na kelele.

Fanya jaribio hili kabla ya yote. Usivue kofia, ning'iniza vitetemeshi sentimita moja kutoka kwenye vidole, visiguse ngozi, kisha washa. Kilele cha Hezi 21 kikibaki kwenye grafu, hicho si ubongo. Ni umeme na sumaku ya mota na nyaya zake, vinavyoingia kwenye nyaya za elektrodi. Kwangu kilibaki vilevile.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakajibu: "Ongeza umakini." Umakini gani, na kidole hakijaguswa?

Dawa ilikuwa kupitisha nyaya za vitetemeshi mbali na za kofia, kuzisokota mbili mbili, na pale zinapolazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Vitetemeshi vipe betri yake. Visinyonye umeme wa kompyuta inayosoma kofia. Ongeza jeli hadi ukinzani ushuke chini ya kilo-ohm 10, hasa kwenye elektrodi C3 na C4, zilizo juu ya sehemu za ubongo zinazohusika na mikono. Kumbuka mguso wa mkono wa kulia husomwa C3, upande wa kushoto wa kichwa.

Baada ya hapo kushoto kukafanya kazi, polepole lakini kweli. Nilikuwa tayari kusema usinunue. Kofia yenyewe, nakiri, ni nzuri sana.

Ila vitetemeshi! Ni mota zinazozungusha uzito ulioegemea upande mmoja: ukikaza mkanda wa kidole, mzunguko unapungua, Hezi 21 zinateleza, na programu inaendelea kutafuta 21 ileile. Roboti inaganda, nawe unaambiwa huna umakini. Hapana, narudi nilipoanza: usinunue seti nzima. Kama wanauza kofia peke yake, chukua hiyo, na utafute vitetemeshi vya koili (vinavyosukumwa na koili na sumaku, si mota inayozunguka) ambavyo masafa yake hayayumbi ukivibana.