Nyota mbili kwa programu ya kusoma haraka, na moja ni ya ukimya

Tangazo lake mmeliona, lile linalokatiza video na kuahidi kwamba utasoma mara tatu zaidi na kuelewa kila kitu. Jina siliandiki, maana ziko kadhaa na ukishajua moja umezijua zote. Nililipia usajili kwa kadi ya mtandaoni, nikaitumia mpaka muda ukaisha. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Gerezani, Kariakoo. Mchana nahangaika na ankara za saruji na nondo, usiku nasomea mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, inayotolewa na NBAA, bodi ya wahasibu. Anayeyajua makabrasha ya mitihani ile hatashangaa kwa nini tangazo la namna hiyo lilinikamata.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unabandika maandishi, unachagua kasi, halafu maneno yanakuja katikati ya kioo moja baada ya jingine, kila neno na herufi moja nyekundu ya kushikia macho. Mtindo huu ulivuma 2014, kampuni ya Spritz ya Boston ilipoutangaza. Hoja yao ni kwamba jicho linapoteza muda kwa kurukaruka kwenye mstari, basi bora litulie na maneno yalifuate lilipo. Biashara yenyewe ya kuuza kasi ni kongwe zaidi. Mwalimu mmoja wa Utah, Marekani, Evelyn Wood, alianza kuiuza kama kozi mwaka 1959, na hata Rais Jimmy Carter aliisoma akiwa Ikulu.

Nianze na sifa, maana zipo. Kwenye daladala ya Segerea, ukipata siti, programu hii ni tamu. Herufi ni kubwa, mstari haukupotei gari linapopiga shimo, na habari za michezo au umbea wa wasanii unaumaliza kabla ya Tabata. Shida ni pale konda anapokugusa bega umpe nauli. Kwa kasi ya maneno 400 kwa dakika, sekunde mbili za kutafuta chenji ni maneno 13 yamekwenda. Kitufe cha kurudi nyuma kipo, ila kinakurudisha mwanzo wa aya nzima.

Sasa tuje kwenye nilichoinunulia. Nilibandika sehemu ya IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu (wenyewe tunaiita kiwango) ya kutambua mapato, nikaweka kasi 450. Jamani, nilijiona profesa. Hatua zake tano za kutambua mapato nilizitaja zote bila kigugumizi. Kisha nikachukua swali la zamani kuhusu mteja aliyelipia mzigo akauacha stoo kwa muuzaji. Hilo kwetu ni jambo la kila wiki: fundi analipia saruji leo kabla bei haijapanda, anasema atakuja kuichukua akipata gari. Je, hayo ni mapato ya leo? Kiwango kinataka masharti manne yatimie yote: pawe na sababu ya maana ya mzigo kubaki, kwa mfano mteja mwenyewe ameomba, mzigo uwe umetengwa ukajulikana ni wa nani, uwe tayari kuchukuliwa, na muuzaji asiweze kuutumia wala kumpa mteja mwingine. Saruji yetu imerundikwa pamoja, haina jina la mtu, na mteja mwingine akija anapewa hiyohiyo. Kwa hiyo sharti la pili na la nne yamegonga mwamba. Kwenye programu sentensi hizo zilinipita mbele ya macho zote, nikabaki na jambo moja kichwani, kwamba "kuna masharti". Nilipofungua kitabu cha karatasi na penseli mkononi, nilirudi kwenye sharti la pili, nikashuka la nne, nikapanda tena la pili, ndipo likaingia.

Huko kurudi nyuma ndiko programu inakokuita tabia mbaya. Watafiti wa usomaji wanasema vingine. Keith Rayner na wenzake, watu waliochunguza mwendo wa macho kwa miongo, walichapisha mapitio marefu mwaka 2016, na hukumu yao ni kwamba kasi ikiongezwa sana uelewa unalipia gharama. Jicho hutua kwenye neno kwa takriban robo ya sekunde, na kama asilimia 10 hadi 15 ya miruko yake ni ya kurudi nyuma, mara nyingi kwa sababu kichwa kimekwama mahali na kinataka kuhakikisha. Ukilinyima jicho ruhusa hiyo, unakinyima kichwa. Piga hesabu mwenyewe: kwa maneno 600 kwa dakika, kila neno linapata sehemu ya kumi ya sekunde. Msomaji wa kawaida wa Kiingereza, kwa hesabu za mtafiti Marc Brysbaert alizokusanya kutoka tafiti 190, husoma takriban maneno 238 kwa dakika kwenye maandishi ya maarifa, yasiyo hadithi. Kumbe mimi na uvivu wangu wote nilikuwa palepale penye wenzangu.

Kwa Kiswahili ndiyo kabisa. Aliyeitengeneza hakutufikiria. Kiingereza kina vineno vidogo vingi vya kupitisha bila kazi. Sisi neno moja linabeba sentensi. "Wasipoturudishia" linapewa muda uleule linaopewa "na". Ile herufi nyekundu nayo huwekwa karibu na mwanzo wa neno, kwa hiyo kwenye "wanaotusomesha" inaangukia kwenye viambishi wakati mzizi uko mbali kulia. Niliposhusha kasi hadi 180 nikasoma vizuri, lakini hiyo si kasi ya kulipia.

Kuna jaribio la uelewa mwishoni mwa kila somo, na ndilo linalokufanya uamini umeongezeka. Mdogo wangu, yuko kidato cha nne, nilimpa ajibu maswali bila kuonyeshwa makala yenyewe. Akapata manne kati ya matano. "Dada, hili si linajijibu lenyewe?" Swali liliuliza kama usingizi wa kutosha unaongeza au unapunguza kumbukumbu. Alama zangu za kijani za majuma yale zote ndizo hizo.

Nyota ya pili inatoka wapi basi? Inatoka kwenye kipengele walichokificha chini kabisa, cha umakini. Kabla ya kusoma kinakuambia uvute pumzi taratibu kwa dakika mbili, halafu kinanyamazisha arifa zote mpaka muda uishe. Kuna na jedwali la Schulte, namba 1 hadi 25 zimevurugwa kwenye miraba nawe uzitafute kwa mpangilio. Hilo limenifanya niwe hodari wa kutafuta namba 1 hadi 25, basi. Lakini ukimya ule, ndugu zangu, ndio dawa. Usiku nilipokuwa nasoma kabla ya hapo, kikundi cha WhatsApp cha ukoo kilikuwa na mchango wa harusi, bosi anauliza salio, na kila nikirudi kwenye ukurasa naanza aya upya. Aya ileile ikinyamaziwa naimaliza mara moja, tena kwa kasi yangu ya kuzaliwa. Ninachoweza kukiita ongezeko la kasi ni hicho peke yake.

Na hicho hakihitaji kulipiwa. Simu yangu sasa inalala kwenye droo ya kabati la vyombo, chumba kingine, si kifudifudi mezani. Jumamosi nikitoka kazini mapema naenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, nakaa na kitabu na penseli. Ukitaka programu kwa lazima, Forest inafanya kazi hiyohiyo ya ukimya: unapanda mti kwenye kioo, ukitoka kuchungulia kwingine unakauka. Mimi nimeipenda, ingawa mdogo wangu anasema ni mchezo wa watoto.

Kwa hiyo nani ainunue? Anayesoma habari nyepesi njiani, tena akipata kwa ofa. Mtu wa mtihani, wa mikataba, wa sheria, aiache.

Na kama ulishalipia, kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato. Ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda sehemu ya malipo na usajili, uusitishe huko. Siku zilizobaki utaendelea kuzitumia mpaka ziishe.