Slow West: stelingi asiyejua kushika bastola

Mimi nimekulia banda umiza, kwenye picha za kauboi zilizotafsiriwa na DJ, na sheria tuliyoijua ni moja: stelingi hafi. Nikaianza Slow West na mazoea hayo. Haikuchukua muda nikaanza kujiuliza, huyu stelingi gani asiyeweza hata kujilinda?

Anaitwa Jay, ana miaka 16, mtoto wa kishua kutoka Uskoti. Mwaka ni 1870, naye kavuka bahari kumfuata Rose, binti anayempenda, huko Colorado. Njiani anaokotwa na Silas (Michael Fassbender), anayejitia mlinzi wake kwa malipo, kumbe anajua kwamba Rose na baba yake wanatafutwa kwa zawadi ya dola 2,000, wakiwa hai au maiti.

Ni filamu ndefu ya kwanza ya John Maclean, ya 2015, na ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Kwamba bajeti ilikuwa ndogo utaona mwenyewe: hakuna mji wenye baa na treni, watu wa kuhesabu, na hiyo Colorado yenyewe ni New Zealand. Mimi nilipenda hivyo. Pori likiwa tupu namna ile, kila anayetokea kwa mbali unamtilia shaka.

Kuna tukio la dukani. Mume na mke wenye njaa wanaingia kuiba, risasi zinalia, Jay anampiga yule mama risasi. Wakitoka nje wanakuta watoto wawili wadogo wamesimama, wanasubiri wazazi. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Ukubwa wa Jay unaanzia pale, na hakuna anayeusemea.

Ndiyo maana masimulizi ya Silas yaliniudhi. Jambo tumeshaliona kwa macho, yeye anatueleza tena, kama DJ wetu wa zamani, ila bila vichekesho! Payne, jambazi mwenye koti la manyoya, kapewa nafasi finyu mno. Wenyeji wa nchi ile ni vivuli tu msituni, na Rose anapata uhai zikiwa zimebaki dakika chache.

Yote ni dakika 84. Kama stelingi anakufa au la, sisemi. Ila mwishoni kamera inawapitia waliouawa mmoja mmoja, walivyolala, hata wale wa dukani.